Injini ya Gari ya Mkunga

Wiki iliyopita nilipitia soko la Mwanakwerekwe nikitoka kazini, nimechoka kiasi kwamba hata kuchagua nyanya nilikuona ni kazi nyingine. Nyuma ya vibanda vya mboga alikuwepo fundi mmoja, amechutama mbele ya karai, anasugua vipande vya injini kwa mafuta ya taa. Harufu ile ilinikamata. Nikaweka kikapu chini, nikakaa kwenye kizingiti cha duka la watu. Wewe unanijua, sina tabia ya kukaa ovyo njiani. Lakini siku ile nilikaa, na kwa muda sikuwa sokoni tena. Nilikuwa Jang'ombe, kwenye kiwanja cha baba, mikono yangu imezama ndani ya karai mpaka viwiko.

Baba alikuwa fundi wa magari. Asubuhi alitengeneza malori ya serikali, na baada ya sala ya alasiri alikula wali wake kimya, akavaa tena nguo zake za grisi, akatoka kiwanjani nyuma ya nyumba kuwatengenezea watu magari yao. Simkumbuki baba ambaye hakuchoka. Mgongo ulikuwa ukimuuma, akikaa chini alikaa kidogo kidogo: kwanza mkono ukutani, halafu goti, halafu mwili wote na pumzi moja ndefu. Mama alimkanda kwa mafuta ya karafuu kila baada ya magharibi, na nyumba yetu ilinukia karafuu na grisi hata siku za sikukuu. Watoto wenzangu wa chuo cha Kurani walinijua kwa harufu hiyo kabla sijavua viatu mlangoni.

Zamani kiwanja kile kilikuwa cha watu wawili, baba na ami yangu, mdogo wake baba. Nikiwa mdogo sana, giaboksi ya lori iliporomoka kwenye jeki. Ami alikuwa chini ya lori, baba ndiye aliyeshika jeki. Ami alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Baba alisema jeki ilikuwa mbovu. Ami alisema baba aligeuza uso akazungumza na mpita njia. Hawakugombana kwa kelele. Walinyamaza, na kimya kile kikawa ndiyo desturi yao. Ami akaenda kufanya kazi kwenye karakana ya kuchonga vyuma huko Mwanakwerekwe. Siku ya Idi walipeana mikono, kila mmoja akitazama upande wake.

Ndipo ikaja ile gari. Ilitoka Kizimbani, imefungwa kamba nyuma ya trekta. Gari ndogo ya mbio, ya kizamani, ya Kiingereza, haina paa, ina viti viwili tu, na rangi yake ya kijani imepauka kama jani la mgomba lililoanguka. Kuku walikuwa wametagia kwenye kiti. Juu ya trekta, pembeni ya dereva, amejishika vizuri na buibui lake halina hata vumbi, alikaa mwenye gari.

Watu walimwita Bi Mkunga. Marehemu mumewe alikuwa bwana shamba, na wengi walidhani gari ilikuwa ya mume. Kumbe mume aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama, akaiendesha mara moja, akaingia nayo mtaroni, akasema yeye na gari ile basi. Mkewe ndiye aliyeiweza. Kwa miaka mingi ilimpeleka kwa wanawake wenye kujifungua wa vijiji vya huko shamba, mkoba wake wa kazi ukiwa kwenye kiti cha pili. Uzazi ukiwa mgumu, kiti hicho alikikalia mama mwenye uchungu, wanakimbilia hospitali, ameushika mlango kwa mikono miwili na kumlaani mkunga na gari yake.

Sasa magoti ya Bi Mkunga yalikuwa yameanza kumkataa. Mwanawe aliyekuwa akiishi Muskat angekuja baada ya Idi kumchukua akaishi naye. Baba alimweleza kwa upole kwamba injini imeshikana kwa kutu, vipuri vyake ni shida, na gari yenyewe ni ya kutazamwa tu. Bi Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nshasikia, mwanangu," akasema. "Lakini nataka nende mwenyewe nikawaage watu wangu. Sitaki kuondoka nimebebwa kama mzigo."

Baba alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilikuwa nimesimama karibu naye na nilijua alitaka kukataa. "Basi iache, Bi Mkunga," akasema.

Wiki zilizofuata kiwanja chetu kilijaa matumbo ya gari ile. Baba aliishusha injini, akaifungua kipande kwa kipande, na kazi ya kuosha ikawa yangu. Nilisugua kwa mswaki mkongwe mpaka chuma kikarudi kuwa cheupe, nikapanga bolti kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na mahali pake. Pistoni zilitoka bara kwa boti, kwa mtu aliyekuwa na gari kama ile, ila yake ilishakufa. Mama alilalamika kwamba hapati hata pa kuanikia nguo. Halafu akatuletea chai ya mdalasini na vitumbua, akatulisha mkononi kwa sababu vidole vyetu havifai.

Tatizo likawa krenki, ule mhimili mzito ulio chini ya injini, unaozungushwa na pistoni. Ulikuwa umekwaruzika vibaya. Ulitaka kuchongwa upya kwenye mashine, na mkono wa mchongaji usikosee hata unywele. Baba aliugeuzageuza mhimili ule jioni nzima. Kesho yake akauviringisha kwenye gunia, akamwita mchukuzi wa gari la mkono, akanambia nimfuate mchukuzi mpaka Mwanakwerekwe.

"Umpe ami yako," akasema. "Mwambie ni ya Bi Mkunga."

Ami alilifungua gunia, akapitisha kidole gumba juu ya chuma taratibu, kama mtu anayepapasa shavu la mgonjwa. Hakuniuliza habari za baba. Baada ya siku kadhaa krenki ilirudi inang'aa, imefungwa kwenye kitambaa safi, na mimi nikarudi na ujumbe mdomoni: baba asikaze kitu mpaka ami aje kupima kwa mkono wake.

Baba alikuwa amechutama. Hakuinua kichwa. "Mwambie kiwanja hakifungwi," akasema.

Ami akawa anakuja jioni. Sijui kama ushawahi kuishi baina ya watu wawili wanaofanya kazi moja na hawasemezani. Mimi ndiye niliyekuwa ulimi wao. Mwambie baba yako alete spana ndogo. Mwambie ami yako mafuta yapo nyuma yake. Walikuwa wamesimama hatua chache tu, na kila neno lilipitia kwangu. Usiku nililala nimechoka zaidi kwa maneno yao kuliko kwa kusugua vyuma. Lakini mikono yao ilikuwa haijasahau. Baba akinyoosha mkono, ami alishaweka ndani yake kitu kinachotakiwa. Walipaka beringi mafuta, wakatelezesha pistoni moja moja kwenye silinda, wakaweka gasketi mpya, wakafunga kifuniko cha juu, wakikaza bolti kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule.

Idi ilipokaribia, injini ilikuwa tayari kurudi ndani. Baba alifunga mnyororo wa kunyanyulia kwenye boriti ya chuma, injini ikainuka ikining'inia, ikapita juu ya pua ya gari, ikaanza kushuka. Hapo ndipo penye ugumu. Giaboksi ilikuwa imebaki ndani ya gari, na ncha yake lazima iingie kwenye klachi sawasawa. Mtu mmoja hushika mnyororo, mwingine hulala chini ya gari, injini yote ikiwa juu yake, aiongoze kwa mikono.

Baba alitandika gunia chini. Akaweka mkono kwenye bampa, halafu goti, na mgongo ukamkatalia. Alijaribu tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Nilimtazama ami, nikingoja aniambie neno la kupeleka.

Hakuniambia mimi. "Kaka," akasema, "mimi nitaingia. Wewe shika mnyororo."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema na baba bila ya kupitia kwangu. Baba aliinuka polepole, uso wake umebadilika rangi.

"Sitaki," akasema. "Tutatafuta mtu."

"Mtu gani?"

Baba akauzungusha mnyororo mkononi mwake, akauzungusha tena. "Nikikwambia toka, utoke."

"Nitatoka," ami akasema, akalala juu ya gunia, akajisukuma chini ya gari mpaka tukabaki tunaona miguu yake tu.

Kwenye lango la kiwanja alisimama jirani, akatoa salamu. Baba hakuitika. Nilikuwa sijamwona mtu asiitikie salamu, na baba zaidi ya wote. Macho yake hayakuondoka pale injini ilipokuwa. Alishusha mnyororo kwa upana wa kucha, akasimama, akashusha tena. Jasho lilimwingia machoni naye hakulifuta. Kutoka chini ami alisema: kidogo, kidogo, ngoja, sasa. Kikasikika chuma kikitulia ndani ya chuma, mlio mdogo tu. Ami alipotoka, baba alimpa mkono wa kumwinua, akaubakisha mkono wa ami ndani ya wake, ule wa kushoto uliopungua vidole. Mama akarudi ndani na ungo wake.

Siku ya pili waliiwasha. Mwanzo ilikohoa tu, ikatema moshi mweusi, kuku wakakimbia. Baba akageuza bisibisi kwenye kabureta, ami akajaribu tena, na ikaitika. Iliunguruma mpaka makopo yangu yakatetemeka. Nilidhani watacheka, watakumbatiana. Walikaa chini.

Bi Mkunga aliiendesha mwenyewe. Mimi nilipewa kiti cha pili nimsaidie kushuka. Tulipanda mpaka Kizimbani na vijiji vya jirani, upepo unatupiga, yeye ameshika usukani kama aliyeuacha jana. Hakushuka sana. Alipiga honi, na wanawake wakatoka majikoni wakiwa na tui mikononi. Mwanamume mmoja mrefu alishuka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, akambusu mkono, na Bi Mkunga akanambia kwamba huyu, siku ya kuzaliwa kwake, alimtoa jasho kuliko wote. Njia ya kurudi alilia, lakini hakupunguza mwendo.

Aliondoka baada ya Idi, akaja kufia na kuzikwa huko huko Muskat. Gari iliuzwa, kwa muda tuliiona kwenye harusi za watu, halafu hatukuiona tena. Ami aliendelea kuja jioni mpaka maradhi yalipomlaza, na sikuwahi kumsikia yeye wala baba akiitaja ile jeki. Alitangulia ami, baba akafuata. Kiwanja sasa ni nyumba ya ghorofa, na wanaoishi mle hawajui chini yao palimwagika mafuta mangapi.

Ninachokikumbuka zaidi ni jioni ile injini ilipowaka. Mama alitandika mkeka, akaleta muhogo wa nazi na samaki, na kabla chai haijapoa baba na ami walikuwa wamelala pale pale na grisi zao, vichwa vyao kwenye mto mmoja, midomo wazi. Mama akanizuia nisipige kelele. Mimi nami nikajilaza miguuni mwao, nimechoka, nikisikia pumzi zao. Siku hizi nachoka kupita siku zile, mwenzangu. Ila nachoka peke yangu.