Nimekuta msiba nyumbani, kumbe ni kesi yangu

Leo nimefika kwetu Maruku nikakuta watu wamejaa uani. Nikajua baba hatunaye.

Wanawake wanamenya ndizi. Mikungu imelazwa mlangoni, kama tunavyopeleka kwenye msiba.

Mara baba huyo, anatoka ndani amebeba viti!

"Nani amefariki?"

"Hakuna. Tumesikia una kesi."

Jamani.

Mnaijua ile programu yangu ya simu: unapiga picha jani la mgomba, inakwambia kama una ugonjwa wa mnyauko. Nimeiacha wazi, yeyote aitumie na kuirekebisha bure. Sasa kampuni moja inadai nimeiiba kwao, inataka niifunge. Nilimwambia mama peke yake. Leo nilikuja kumwambia nimekubali kuifunga.

Mama keshatangazia kijiji kizima. (Mama na siri, mnajua wenyewe.)

Jirani yetu Ma Adela akanifuata na kisu cha kumenyea mkononi. "Jani la kwanza ulilipiga picha shambani kwangu, nilikushikia mwenyewe. Umemwibia nani? Nitakwenda kusema mahakamani."

Binti yake ni wakili pale Bukoba mjini. Amevua viatu, ameketi mkekani, anawasikiliza mashahidi mmoja mmoja. Foleni imefika hadi kwenye migomba.

Sikujua kama mtu aliye hai anaweza kupelekewa mikungu.

Nilichokuja kusema kimenishinda. Nimechukua kisu, nikakaa nao kumenya.

Hebu niambieni: ninyi mngeifunga?