Shahidi wa Pili wa Ndoa Yangu

Hili limenitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, ndani ya ofisi yenye feni na foleni ya watu. Sikuhadithiwa. Tena mimi si mtu wa kuona vibwengo kila pembe. Nikisikia kishindo usiku huwasha taa nikaenda kutazama. Nitakueleza kama nilivyoona, na pale nisipokuwa na hakika nitakwambia sina hakika.

Mume wangu alifariki kabla hajalipwa kiinua mgongo chake. Nilipotoka eda nikaenda kufuatilia. Karani, binti mpole aitwaye Zuhura, alipekua karatasi zangu zote kisha akauliza cheti cha ndoa. Sinacho. Kililiwa na mchwa sandukuni, na nakala ilitafutwa isionekane.

"Basi Bi, lete mashahidi wawili waliokuwapo kwenye nikaha," akasema. "Bila ya hivyo malipo haya yatahesabiwa yamekwenda kwa mtu baki, na kodi itakatwa ya mtu baki."

Unaelewa alichoniambia? Nimeishi na mwanamume miaka thelathini na kitu, nimemzalia, nimemuuguza, leo kwenye karatasi ya kodi mimi ni mtu baki! Kodi yenyewe haikuniuma kama neno lile.

Ndoa yetu ilifungwa Kizimbani, nyumbani kwa wazazi wangu. Mashahidi walikuwa Makame, ambaye tumeshamzika, na Mzee Haji, binamu wa mume wangu anayekaa Chwaka. Jioni ile nilikaa kitandani chumbani kwangu, Mkunazini mjini, nikajisemea kwa sauti: "Nitampata wapi shahidi wa pili?"

Siku ya pili, jua la utosi, nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi nikimsubiri Mzee Haji. Mtu akaja akakaa kando yangu. Kanzu safi, kofia iliyoshonwa kwa mkono, umri kama miaka arubaini.

"Mimi nilikuwapo kwenye nikaha yako," akasema.

Nikapiga hesabu. Basi siku ile alikuwa mtoto mdogo. Wa jirani? Nikadhani Mzee Haji ndiye aliyemtuma kwangu. Lililonishangaza ni moja tu: hakuniamkia. Alikaa akinitazama kwa utulivu, kama anayengoja yeye aamkiwe.

Mzee Haji akafika na mkongojo wake, analalamikia ngazi. Sasa sikiliza. Mzee huyu amepita sabini. Alimpa mkono yule mgeni, na mdomo ukamtoka: "Shikamoo."

"Marahaba," akaitika yule mtu, bila ya haya hata kidogo.

Mzee Haji akaninong'oneza: "Shemegi, nimemwamkia nani mimi? Mbona kijana huyu!"

Tukaitwa ndani. Mzee Haji ni mtu wa kweli, hakuzunguka. "Huyu mimi simjui," akamwambia Zuhura. "Pale kwenye pazia tulikuwa sheikh, Makame na mimi. Basi."

"Nyinyi mlikuwa nje ya pazia," akasema mgeni. "Na wewe ulikuwa ukimhimiza sheikh, kwa sababu umeshasikia harufu ya pilau."

Foleni ikacheka. Mzee Haji akakuna ndevu. "Ee, hilo kweli. Njaa iliniuma siku ile, skwambii."

Kwetu bibi harusi hakai na wanaume wakati wa nikaha. Hukaa chumbani, na sheikh husimama mlangoni, nyuma ya pazia, akamuuliza kama ameridhia. Somo wangu, mwanamke aliyenifunda, alikuwa ametoka kufuata maji. Chumbani nilikuwa peke yangu.

"Sheikh aliuliza mara mbili, bibi harusi akanyamaza," mgeni akaendelea. "Kabla ya mara ya tatu akajisemea: 'Na nikikataa je?' Halafu ndipo akasema ameridhia."

Niamini ninalokwambia. Maneno yale sikupata kumwambia mtu, hata marehemu. Hayakuwa na sauti. Yalitoka na pumzi tu.

"Kweli, Bi?" akauliza Zuhura.

"Kweli."

"Angekataa, leo tungekuwa na mtu mmoja pungufu kwenye foleni!" akasema mwanamke nyuma yangu, na watu wakacheka tena.

Zuhura akamgeukia mgeni. "Unakaa wapi?"

"Kwa Bibi huyu."

Hapo hakucheka mtu. "Astaghfirullah," nikasikia, "eda imekwisha juzi tu!"

"Ni mpangaji wako, Bi?" Zuhura akauliza taratibu.

"Mpangaji," nikajibu, uso unaniwaka.

"Tangu lini?"

"Tangu Kizimbani," akajibu yeye.

Alisema hajui kuandika, akapewa wino atie dole gumba. Nikainama kutazama. Lilitoka duara jeusi laini, halina mstari hata mmoja.

"Wachuma karafuu vidole vyao husuguka," akasema Zuhura, akagonga muhuri.

Inawezekana. Lakini mkono ule niliutazama kwa karibu, na ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga.

Mzee Haji alitangulia ngazini. Mgeni akasimama nami ukumbini, akasema polepole: "Na mumeo naye alisema neno, alasiri ile ulipotoka. Ukitaka kulijua, uliza. Pa kuniulizia unapajua."

Mzee Haji akaniita, nikageuka kuitika naam. Nilipotazama tena ukumbi ulikuwa mtupu. Mlango wa kutokea ni mmoja, na hapo mlangoni nilikuwa nimesimama mimi.

Nilimweleza Mzee Haji yote, nikamuuliza kama ushahidi ule unafaa.

"Aliyoyasema kweli au uongo?"

"Kweli."

"Basi kashuhudia. Lakini chakula cha kwako leo sili, shemegi. Mimi nnarudi Chwaka."

Karatasi zilirudi zimeandikwa mjane wa marehemu, na kodi ikahesabiwa upya. Nilichokitaka nimekipata.

Lakini kitanda ninacholalia ndicho kilichokuwa katika chumba kile cha Kizimbani. Kililetwa mjini nilipoolewa. Mume wangu alifia juu yake. Alasiri ile nilishuka chini kupokea dawa, niliporudi ameshakwenda. Eda nzima nililia kwa hilo: kafa peke yake, na neno lake la mwisho hakulisikia mtu. Sasa najua lipo, na yupo aliyelisikia.

Mimi ni mtu wa kuuliza tangu utotoni. Kila siku jua likifika utosini, swali hunijia mpaka kwenye meno. Huenda aliita jina langu. Huenda aliomba maji. Huenda aliita jina nisilolijua.

Basi wewe mwenye ndoa, toa nakala ya cheti chako ukaiweke mahali pasipofika mchwa. Ukiwa peke yako na mlango umeufunga, pima unayoyasema. Na akikujia mtu anayejua lile ambalo hakulisikia mtu, chukua ushahidi wake ikiwa huna budi, lakini la zaidi usimuulize. Mimi mpaka naandika haya sijamuuliza. Nimekaa ukumbini kwangu, na chumbani siingii mpaka wanangu warudi.