Siku Niliyojitia Homa

Nilipokuwa mtoto sikuwahi kula ndizi nzima. Ndizi ikinifikia mkononi ilikuwa imeshakatwa katikati, nusu yangu na nusu ya Mulongo, hata kama Mulongo yuko shambani na hana habari ya ndizi. Tulikuwa mapacha, yeye Mulongo na mimi Mukhwana, majina ambayo kwetu Wabukusu mapacha huyakuta yakiwangoja. Nyumbani kwetu karibu na Kiminini kila kitu kilikuwa na nusu mbili. Akishonewa rinda, nami nilishonewa. Akivunja kikombe, tulichapwa wote wawili. Hilo la kuchapwa lilinikera sana, maana Mulongo alikuwa na mikono isiyoshika kitu kikabaki kizima.

Msimamizi wa sheria hizo alikuwa Kukhu, yaani nyanya yetu, mama mzazi wa baba. Alitoka Kibabii, upande wa Bungoma, akaja kutulea tulipozaliwa na hakurudi tena. Baba alikuwa mlinzi Nakuru na tulimwona Krismasi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mama na Kukhu. Walipatana kuliko wakwe wengi ninaowajua leo. Mama alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, na mambo ya kienyeji hakuyapenda, lakini hili la mapacha alimwachia Kukhu. Aliona kula nusu nusu hakumdhuru mtu.

Kukhu alikuwa na onyo moja alilolirudia kila mmoja wetu alipopata hata mafua. "Hawa ni roho moja," alisema. "Mmoja akiwa mgonjwa, usimtoe kwa mwenzake. Ukiwatenganisha, huyo mwenye amebaki naye ataanguka." Maneno hayo hakuyasoma mahali. Aliyaona kwa dada zake wawili, mapacha, alipokuwa msichana mdogo, na kila akifika hapo katika hadithi aliinama kuokota kitu chochote chini, hata kijiti.

Tulikuwa darasa la tatu, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, shule zimefungwa na mvua imeanza, Mulongo aliposhikwa na homa. Mama alimpeleka kwenye kliniki ndogo ya Kiminini, daktari akasema ni malaria, akampa vidonge vya siku tatu. Kukhu alivipokea, akaviweka juu ya kifuniko cha sufuria, akaanza kuvikata kwa kisu cha mboga. Nusu ya Mulongo, nusu yangu.

"Mama," mama yangu akamwambia, "si dawa ni ya huyu mmoja?"

"Na chakula huwa ni ya nani?" Kukhu akamjibu.

Mama akachukua ndoo, akaenda kukamua ng'ombe. Nami nikameza nusu zangu siku zote tatu, uchungu wake ukinikunja uso, huku nikijiona nimemsaidia dada yangu kubeba mzigo.

Siku ya tano viganja vya Mulongo vilikuwa vyeupe na hakuweza kuketi bila kushikwa. Asubuhi mapema Mama alimbeba mgongoni akarudi naye kliniki. Sikuwepo, ila Mama amenisimulia mara nyingi. Yule daktari, kijana tu, alimvuta Mulongo kope la chini akatazama, akambonyeza kucha, akasahau hata kuuliza jina.

"Mama, damu imeisha," alisema. "Hii si ya hapa. Anataka kuongezwa damu leo, si kesho. Enda Kitale, hospitali kubwa, upande wa dharura. Na usipitie nyumbani."

Akaandika barua, akaikunja, akamtia Mama mkononi. Mama akaja nyumbani. Husema alifuata blanketi. Mimi nadhani hakuweza kumpeleka mjukuu wa Kukhu hospitali bila Kukhu kujua. Mke gani wa nyumba ile angeweza?

Alikuja na pikapu ya Simiyu, jirani yetu aliyekuwa akisambaza maziwa. Kutoka kwetu hadi Kitale si mbali, na Simiyu hakuzima injini. Kukhu alikuwa mlangoni, amenishika kiwiko.

"Mnampeleka wapi?"

"Kitale, Mama. Daktari ameandika barua. Amesema aongezwe damu leo."

"Na huyu?"

"Huyu si mgonjwa. Atabaki na wewe."

Kukhu hakupandisha sauti. "Sawa. Enda. Mimi sijui kusoma hiyo barua. Lakini huyu akianguka hapa nyuma yako, usiseme sikukuambia."

Mama alilikunja blanketi alilokuwa ameshalitoa ndani. Kisha akasema, "Nimesikia, Mama," akaingia ndani kutafuta kadi ya kliniki na leso. Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu wasikiaji wangu hulikosea kila mara: Mama alikuwa ameshaamua. Alikuwa amemchagua daktari, mbele ya mama mkwe wake, bila ugomvi. Mulongo alikuwa amelazwa juu ya gunia nyuma ya pikapu, na kilichobaki ni safari.

Mimi katika mazungumzo yale yote nilisikia neno moja tu, atabaki. Sikuwahi kulala usiku hata mmoja mbali na Mulongo. Nikafikiri haraka jinsi mtoto anavyofikiri. Wagonjwa wanaenda Kitale. Mimi nikiwa mgonjwa, nitaenda.

Kujitia homa si kazi ngumu. Shuleni wakubwa walikuwa wametufundisha: tia kitu cha moto kwapani, mwalimu akikugusa atakurudisha nyumbani. Nilichomoka nikakimbilia jikoni. Sufuria ya viazi vitamu ilikuwa imeipuliwa sasa hivi. Nikainamisha uso juu ya mvuke mpaka ukalowa, nikachukua kiazi kimoja, nikakibana kwapani chini ya sweta. Kilinichoma nikaona giza. Nilirudi hadi mlangoni, nikajiegemeza kwenye nguzo, nikaserereka chini. Machozi hayakuwa ya kuigiza.

"Kichwa," nikasema. "Kichwa kinauma."

Kukhu aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, kisha shingoni. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Mama Mapacha," aliita, polepole tu. "Kuja uone. Imemfikia."

Mama alitoka, akanigusa. Mkono wake ulikuwa baridi. Nimeona watu wakiogopa tangu siku ile, nimeona hata wakati wa vita vya uchaguzi, lakini sijaona tena uso uliosawijika vile.

Simiyu alitoa kichwa dirishani. "Si basi twende na wote wawili? Kitale ni hapa tu, bana."

Hilo hasa ndilo nililolitaka, na kwa muda mfupi niliamini nimeshinda. Lakini Kukhu alikuwa ameshaketi kwenye kizingiti, ananilaza mapajani mwake, na alikuwa akilia. Kwetu, mapacha wakizaliwa hufungiwa ndani na mama yao mpaka mwanamke aliyewahi kuzaa mapacha aje awafungulie mlango kwa desturi zake. Sisi hatukufunguliwa hivyo. Tulizaliwa ugenini, huko kwetu Kiminini, Trans-Nzoia, na Mama alitaka maombi ya kanisa tu.

"Hawa hawajawahi funguliwa mlango," Kukhu alisema. "Hiyo ndiyo inawavuta. Ukiwapeleka Kitale hivi, utarudi na wawili kwa blanketi moja. Twende Kibabii, wafunguliwe, halafu tuwapeleke hospitali. Bungoma si kuna hospitali pia?"

Bungoma kuna hospitali pia. Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomshinda Mama. Hayakumtaka amkatae daktari, yalimtaka achelewe kidogo, na achelewe kwa ajili ya mtoto wake wa pili. Alimtazama Mulongo kule nyuma, akanitazama mimi, akaikunja barua tena ingawa ilikuwa imekunjwa.

"Twende Bungoma," akamwambia Simiyu.

Tulipofika barabara kuu, Simiyu alisimama zaidi ya ilivyohitajika. Mkono mmoja Kitale, mkono mwingine Webuye na kuendelea hadi Bungoma, safari ya saa nyingi kwa pikapu ile na mashimo yale. Hapakuwa na gari lililokuwa linapita. Nilikuwa nyuma pamoja na Mama na Kukhu, kiazi kimepoa, kimeteleza hadi kiunoni, na ningeweza kukitoa nikasema, tazameni. Ningechapwa tu. Nilikuwa na umri wa miaka tisa na nilijua kabisa kwamba daktari alisema Kitale. Sikusema, kwa sababu niliogopa fimbo, na pia, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa na furaha. Tulikuwa pamoja. Simiyu akakata kona kuelekea Webuye.

Njiani Mulongo alifumbua macho mara moja. Alinikuta nimelala ubavuni kwake.

"Na wewe?" akauliza.

"Na mimi."

"Pole," akasema. Akavuta blanketi kwa mkono usiokuwa na nguvu, akanigawia nusu.

Hakuniambia neno jingine tena maishani mwake.

Tulifika bomani kwa akina Kukhu, Kibabii, jua limepita utosini. Mwanamke aliyehitajika, jamaa ya Kukhu, alikuwa matangani kijiji cha pili, wakamtuma mtu amwite. Tukawekwa barazani mbele ya mlango uliofungwa, mimi na Mulongo chini ya blanketi moja, kwa kuwa hatukuruhusiwa kuingia kabla ya kufunguliwa. Simiyu alizunguka pikapu yake akipiga magurudumu teke. Mara mbili alimwambia Mama, "Mama Mapacha, twende tu hospitali, hapo mjini ni karibu." Mara ya pili Mama aliinuka, akainama kumbeba Mulongo, na alipomwinua shingo yake ililegea. Bado nilikuwa nimeshika upande wangu wa blanketi.

Kukhu alinivuta kutoka pale kabla Mama hajafungua kinywa. Pacha haliliwi, hivyo ndivyo alivyoamini, kwa maana ukimlilia atamwita mwenzake. Walinitia nyumba ya nyuma wakanifungia. Kupitia upenyo wa dirisha nilimwona Mama amejisokomeza leso mdomoni, anatikisika, na wanawake wawili wamemshika mabega. Hakuna aliyelia boma zima. Barua ya daktari alikuwa bado ameishika.

Jioni nilikula ugali wote niliopewa, maana nilikuwa na njaa na sikuwa na ugonjwa wowote. Walinitazama nikila kana kwamba nimerudi kutoka mahali. Kukhu aliponiogesha aliliona lengelenge kwapani, jekundu, ukubwa wa yai. Nilingoja. Alilipaka majani yaliyosagwa, akamwita Mama aje aone.

"Hapa ndipo ugonjwa imetokea," alimwambia. "Huyu amebaki."

Watu ninaofanya nao kazi Kitale, wakisikia kwamba tuliacha hospitali ya jirani tukaenda kufunguliwa mlango Kibabii, humlaumu Kukhu. Hucheka kidogo, kwa huruma, wakatikisa kichwa kuhusu wazee na ushirikina. Huwa nakasirika, nao hawajui kwa nini. Kweli, alikata vidonge. Hilo silifichi, na nusu nyingine niliimeza mimi. Lakini asubuhi ile alikuwa ameshashindwa. Mama alikuwa anaondoka. Kukhu hakunidanganya hata siku moja katika maisha yake, mimi ndiye niliyemdanganya, nikaligeuza onyo lake kuwa kweli kwa kiazi cha moto, na alikufa akiamini kwamba aliokoa mmoja.

Siku hizi naishi umbali wa kutembea kutoka hospitali ile ya Kitale. Nimeupima mwendo kutoka kwetu hadi lango lake, kwa gari la kawaida, siku ya mvua. Hauzidi nusu saa. Nimeupima zaidi ya mara moja, na sijui ninatafuta nini.

Mama ni mzee sasa, na kanisani akina mama wenye wagonjwa huletwa kwake. Huwasimulia. "Daktari alisema Kitale," huwaambia, "lakini kama ningesikia daktari ningezika wawili. Mungu alichukua mmoja akaniachia mmoja." Husema hivyo akinishika mkono, na wale akina mama hunitazama. Sijui ni wangapi kati yao wamerudi nyumbani wakaamua kungoja. Hilo hunikosesha usingizi kuliko hata Mulongo.

Krismasi iliyopita tulikuwa wawili tu jikoni, na nikajiambia, leo.

"Mama, ile siku ya Kibabii."

Aliacha kumenya ndizi. Hakuniangalia usoni, alinyoosha mkono akanigusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja, kama anavyofanya kila nikifika nyumbani, kabla hata ya salamu.

"Nini, mama? Unaumwa?"

Nilimtazama. Tangu siku ile amesimama juu ya kitu kimoja tu, kwamba alichagua vibaya kwa mtoto mmoja ili achague vizuri kwa mwingine. Nikisema, Mulongo harudi. Nisiposema, kuna mwanamke Jumapili ijayo, na mtoto wake, na barua iliyokunjwa.

"Hapana," nikasema. "Siumwi."

"Ashukuriwe Mungu," akasema. Akaikata ndizi katikati, akanipa nusu, na nusu ya pili akaiweka kwenye sahani ambayo haiguswi na mtu. Nikala nusu yangu.