Keki ya Kumuaga Asiyeondoka

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo hawakupata kuishi nje ya geti la kambi ya jeshi. Hapa Calder Springs, jimbo la Jojia, Marekani, mgeni akija, mwenyeji anakosa kiti.

Saa kumi na moja alfajiri, Yolanda Treviño anawasha oveni za jiko la Shule ya Pinehollow. Anavaa kofia ya wavu, anafunga aproni, anapanga soseji kwenye trei. Pembeni yake Wynette Pruitt anakanda unga wa mikate midogo ya siagi, ile ambayo watoto huigombania hadi makombo.

"Bi Yolanda, mchuzi wa leo punguza chumvi. Jana watoto walikunywa maji kama ngamia."

"Jana ulipika wewe, Bi Wynette."

"Ndiyo maana nakuonya mapema."

Wanacheka. Huu ni mwaka wao wa pili jikoni pamoja, kwa dola kumi na nne kwa saa. Ukiwatazama hivi, huwezi kujua kwamba kati yao kuna kiti kimoja cha darasa la tano.

Anayekikalia ni Nando, mwana wa Yolanda. Pinehollow ni shule ya umma isiyofuata mitaa: mzazi yeyote wa wilaya huomba nafasi, na waombaji wakizidi, kura hupigwa ukumbini mwezi Machi. Lakini kabla ya kura kuna wanaotangulia, na miongoni mwao ni watoto wa wanajeshi. Askari akishapata amri ya uhamisho, mwanawe anaandikishwa hata kabla familia haijapata pa kulala.

Nando aliandikishwa mama yake akiwa bado Kansas, anafunga masanduku. Mwaka huohuo Josie, mjukuu anayelelewa na Wynette, alikosa kura kwa mara ya pili. Anasoma ng'ambo ya mji, katika darasa la muda lililoegeshwa uwanjani kama trela, na babu yake humsindikiza kwenye basi kabla jua halijachomoza. Watoto wa walimu wa Pinehollow nao hutangulia. Wa wapishi hawamo.

"Baba yangu alimwaga zege la msingi wa shule hii," anasema Wynette. "Mimi nimelisha watoto wake tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sisi hatuhami. Naona hilo ndilo kosa letu."

Yolanda naye ana yake. Alizaliwa Laredo, akaolewa na Rubén, sajini fundi wa helikopta, na tangu hapo hajakaa mahali akaona mti alioupanda ukizaa. Ukiinama chini ya meza yake ya chakula utakuta vibandiko vya wahamishaji mizigo, vya kila rangi, kimoja juu ya kingine. Pinehollow ni shule ya tano ya Nando.

"Volkano amefundishwa mara tatu, katika majimbo matatu," anasema. "Kugawanya kwa njia ndefu hakukukuta popote. Tukifika, wameshamaliza. Tukiondoka, ndiyo kwanza wanaanza."

Ni mwalimu wa Pinehollow aliyeligundua pengo hilo. Kwa miezi kadhaa amekuwa akikaa na Nando kila baada ya chakula cha mchana. Mtoto ambaye zamani hakuwa akijisumbua kujua majina ya wenzake, sasa anakuja nyumbani na rafiki, na friji inalia kwa kufunguliwa.

Kisha Januari hii Rubén akapata amri: Alaska, miaka mitatu.

Katika mji huu habari ya uhamisho haihitaji redio. Na desturi inajulikana: mke wa askari akihama, wenzake kazini humwokea keki. Ijumaa ile, sahani zilipokwisha kuoshwa, Wynette akatoa keki ya nazi ya ghorofa tatu, kazi ya usiku mzima. Juu yake ameandika kwa sukari ya buluu: Safari njema, Yolanda.

Yolanda akaitazama. "Nani kawaambia naondoka?"

Earl, mwosha vyombo, akakohoa. "Si mumeo kahamishwa?"

"Mume wangu kahamishwa. Mimi na Nando tunabaki."

Wynette alikuwa ameshika kisu cha kukatia. "Yaani mwanajeshi anakwenda Alaska, kiti cha mwanajeshi kinabaki Jojia?"

"Kinabaki."

"Basi hii keki tunaila kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ina nazi," akasema Earl, akasogeza sahani yake.

Sheria iko upande wa Yolanda: mtoto aliyekwisha kuingia hatolewi maadamu familia ingali wilayani. Wachache huitumia, maana gharama yake ni ndoa ya simu. Rubén atalala bwenini na wanaume wenzake, na Nando atamwona baba kwenye kioo cha simu.

"Alininunia wiki nzima," Yolanda anasema. "Akaniambia, 'Umemchagua mtoto.' Nikamjibu, 'Wewe ulichagua jeshi, mimi sikununa.' Kesho yake akaniuliza soksi zake nzito ziko wapi. Nikajua amekubali."

Josie ndiye wa kwanza kwenye foleni ya wanaosubiri nafasi katika darasa la Nando. Nando angeondoka, Josie angeingia Jumatatu.

"Simchukii," anasema Wynette. "Ningemchukia, ingekuwa rahisi. Nataka tu aondoke."

Mpango wa Yolanda ni Nando amalizie hapa darasa la nane. Rubén akistaafu, watanunua nyumba Calder Springs, yenye ua, na meza yao na makabati yao yasibebwe tena na mtu. Machi itakapofika, Josie ataingia kwenye kura mara ya tatu, na Yolanda ameomba ruhusa ya kutoka jikoni akakae ukumbini pamoja na Wynette.

Wynette amelisikia hilo. Anajifuta unga mikononi.

"Kukaa na mimi utakaa. Lakini sema basi samahani, Bi Yolanda. Hata ya mdomoni tu."

"Josie namwombea kila siku, na jina lake likiitwa nitapiga kelele kukushinda wewe. Lakini mwanangu hakuiba kitu. Samahani siisemi, Bi Wynette. Hata ya mdomoni."