Maji Niliyoyameza

Asubuhi moja, kabla ya vita, nilikuwa natwanga ulezi. Mume wangu Saidi, Myao aliyehamia kijijini kwetu Msamala na mizigo ya chumvi kutoka Nakapanya, alikuwa akipima chumvi kwa kifuu cha nazi. Kaka yangu Komba akapita, akatia mkono kikapuni, akachota bure kama kawaida yake.

"Shemeji, siku moja nitakukata hivyo vidole," Saidi akamwambia.

"Vikate. Uone kama dada yangu atakupikia tena."

Tukacheka sote. Sikumbuki kingine cha siku ile.

Wajukuu huniuliza kama ni kweli dini yetu ndiyo iliyowatuma watu kuua majirani. Swali hilo hunichemsha damu. Baba yangu ndiye aliyewatambikia mahoka, wazee wetu waliotangulia, kwa niaba ya ukoo mzima. Mkuki haukuingia mahali pake pa tambiko. Na mwenye kinyongo hakukaribia na pombe wala unga mpaka apige funda la maji, ayateme chini mbele ya mtu aliyemkosea. Ukishatema, hasira imetoka. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na anayesema dini hiyo ilitaka damu ya Saidi ni mwongo.

Kisha akaja mtu wa maji, hatujui katokea wapi. Alisema maji yake ni dawa, tukiyanywa risasi zitayeyuka, na kwamba mahoka wameagiza wageni wote wamalizwe, Wajerumani na kila mvaa kanzu. Wajerumani tulikuwa na haki ya kuwachukia. Baba mwenyewe alikuwa na makovu ya viboko mgongoni kwa kukataa kubeba mizigo yao. Lakini Saidi, mvaa kanzu, alimchapa nani?

Baba alisimama mbele ya watu akamuuliza, "Mahoka gani hao? Wa kwangu wana majina. Nitajie mmoja."

Yule mtu wa maji akawageukia watu. Alisema anayeuliza maswali ni mtu wa Wajerumani. Watu wakainamisha vichwa, watu ambao baba aliwaombea watoto wao kwa mahoka. Komba akapokea kibuyu cha dawa, akanywa.

Siku chache baadaye, walikuja adhuhuri.

Saidi alikuwa kwenye mkeka, anaswali. Wanaume sita. Komba mbele.

"Kaka, huyu ni Saidi!"

"Si mimi, dada. Mahoka wamesema."

Nilimshika mkono. Akanisukuma nikaanguka kwenye kinu.

Saidi hakuimaliza rakaa yake.

Baadaye wakagawana chumvi. Niliwaona kwa macho yangu wakiipima kwa kifuu kilekile. Mahoka wa wapi hao, wenye njaa ya chumvi ya marehemu?

Risasi hazikuyeyuka. Waliokunywa walianguka kama wasiokunywa, na yule mtu wa maji hakuonekana tena. Wajerumani nao, waliosali kila Jumapili, wakachoma maghala yetu mpaka tukala mizizi na watoto wakafa. Nao walikuwa na Mungu wao mdomoni.

Komba alikamatwa. Tulipopata habari kwamba atanyongwa, baba alijaza kibuyu maji ya kisimani akaniambia twende bomani.

Askari alituruhusu tumsogelee. Komba alikuwa amekonda, kamba shingoni imemwacha na kidonda.

"Dada, nilidanganywa. Usiniache niende kwa wazee na kinyongo chako."

Baba akanipa kibuyu. Nikapiga funda.

Maji yalikuwa baridi. Niliyashikilia mdomoni, nikimwangalia. Kutema tu, basi. Komba alikuwa akiutazama mdomo wangu, na baba pia.

Nikayameza.

Komba akafumba macho. Askari akamvuta.

Baba hakunisemesha mpaka mvua ziliponyesha tena. Siku aliyonisemesha alisema hivi: "Yule mtu wa maji aliichukua dini yetu akaifanya mkuki. Na wewe, mwanangu, uliifanya nini?"

Nilikasirika sana. Mpaka leo nina hasira, na yule mtu, na wale sita, na wale wenye boma. Lakini baba amekufa, na mimi ndiye niliyebaki kuwatambikia wazee wa ukoo. Kila mwaka huwataja kwa majina, mmoja mmoja. Nikifika kwa Komba, hunyamaza; maji yale bado sijayatema.