Mtama Chini ya Bati

Kazi yangu ni kutathmini mapaa: hili linatunza mazingira, lile linaharibu. Wakubwa wa mradi wanapenda jibu moja, tena fupi. Wengine huniambia kwa upole kwamba nyasi ndiyo asili yetu. Mtu wa namna hiyo hajawahi kuamka godoro limelowa. Mimi nimelala chini ya nyasi, nimelala na chini ya bati, na yote mawili yamenitesa.

Tulihamia kwenye bati kipindi kile cha ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia kijijini kwetu, nje ya Bariadi, wakigombania magunia, na mabati yaliyokuwa yakipatikana kwa kujuana sasa yalipangwa kando ya barabara. Baba akauza pamba, akaamua. Tukakata miti ya kuchomea tofali, tukakata mingine ya kenchi za kubebea paa, mpaka ng'ombe wakakosa pa kujikinga jua. Bati la mwisho lilipopigwa msumari, siku hiyo hiyo akabomoa nyumba yetu ya msonge. Alisema hataki uwanjani pawe na vitu viwili vya kulinganishwa.

Mama hakubisha. Aliuliza jambo moja tu: masuke ya mbegu yatakaa wapi? Kwetu masuke ya mtama wa mbegu huning'inizwa ndani ya paa, juu ya moto, moshi ukayapaka masizi na fukusi wasisogee. Ule mtama mwekundu alipewa na mama yake alipoolewa, na hakuwa na mbegu nyingine. Baba akamwonyesha kenchi. Akasema paa ni paa.

Basi tukayafunga pale, karibu kabisa na bati. Moshi haukuruhusiwa kuchafua nyumba mpya, kwa hiyo jiko lilihamia nje. Kiangazi kikaja. Mchana hata nzi walitoka humo ndani. Baba peke yake alibaki, jasho linamchuruzika, kwa sababu nyumba ilionekana kutoka barabara ya Lamadi, na wapita njia wangesema nini wakimkuta mwenye bati amekaa chini ya mti? Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mvua za kwanza tukapanda mbegu yote. Tukangoja. Shamba likabaki vile vile, jeusi. Mama akafukua kwa kidole, akatoa punje, akazibana. Nyingine zilikuwa zimeliwa na fukusi zikabaki maganda, nyingine zilikuwa nzima kwa macho lakini zimekufa kwa joto. Akaketi kwenye tuta, akalia. Nililichukia lile bati kwa moyo wangu wote, na shuleni nikaendelea kujisifu kwamba tunalo.

Miaka ya nyuma mama alikuwa amemgawia mbegu hiyo mdogo wake aliyeolewa Migato. Tukafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, mimi na mama, tukaenda. Tulipofika, tulikuta mabati mapya yameegemezwa ukutani na wanaume wako juu ya nyumba wanang'oa nyasi. Mume wa mama mdogo naye alikuwa ameuza pamba. Mama hakusalimia mtu, na kwa Msukuma kutosalimia ni karibu na kutukana. Alisimama chini ya paa, akatazama juu.

"Teremsheni mbegu kwanza."

Yakateremshwa masuke, meusi tii kwa masizi. Mama mdogo akampa nusu, naye akayafunga kwenye khanga yake. Kisha akaomba na zile nyasi zilizotupwa chini. Watu walicheka sana. Lakini nyasi za kuezekea kwetu zilikuwa zimekwisha. Mbuga tulizokuwa tukikata zote zilikuwa zimelimwa pamba, hiyo hiyo iliyonunua mabati. Wenzetu walipita Bariadi na mikokoteni inayong'aa mabati, sisi tukapita na shehena ya masizi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akajenga kibanda nyuma ya nyumba, akaezeka nyasi zile kuukuu, akawasha moto katikati. Tulipanda kwa kuchelewa, na mtama ukaota. Alipovuna, akachagua masuke mazuri, akayaning'iniza juu ya moto wake.

Kiangazi kilichofuata, mchana mmoja, baba alitoka kwenye bati lake, shati limemganda mgongoni, kigoda mkononi. Akasimama mlangoni pa kibanda, akauliza kama kuna nafasi. Mama alikuwa anachochea moto. Hakugeuka.

"Humu ni nyumba ya mbegu, baba watoto. Yako ni ile pale, inaonekana mpaka barabarani."

Baba aliketi nje, upenuni, kwenye kile kivuli chembamba cha nyasi, mpaka jua likapoa.

Kesho yake alirudi. Kigoda alikiacha. Begani alikuwa na mzigo wa kuni, alizozichanja kutoka kwenye mabaki ya kenchi. Akazitua karibu na moto, akainua macho akayatazama masuke, na mama akasogea kidogo kumpisha.