Nani Katia Maji

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia mama mmoja, mbele ya majirani, kwamba anatia maji kwenye maziwa. Hata kumwamkia sikumwamkia. Nilitoka nje na kikombe mkononi nikasema, "Wewe mama, maziwa yako yana maji, na maji yenyewe machafu. Mtoto anaumwa kwa sababu yako."

Alikuwa Msukuma, wa zile familia zilizohamia Ufipa na ng'ombe wao. Kila asubuhi alipita mitaa ya kwetu Malangali, hapa Sumbawanga, na ndoo kichwani, akiwapimia watu kwa kikombe cha bati. Aliitua ndoo taratibu.

"Kwanza, shikamoo iko wapi?" akauliza. "Halafu, mwanangu, maji nayafuata mbali kuliko ninavyowafuata ng'ombe. Nichote maji, niyabebe, nikuuzie wewe kama maziwa? Faida yangu nini, shingo kuuma?"

Majirani wakacheka. Mimi nikadondosha tone la maziwa juu ya ukucha wa kidole gumba, kama wafanyavyo wanunuzi sokoni, ili kila mtu aone linavyoteleza kwa maji. Halikuteleza. Lilikaa pale, jeupe, zito. Nikasema ukucha wangu una mafuta.

Mtoto alikuwa wa dada yangu. Dada alifariki wakati wa kujifungua, na mumewe, mfanyabiashara wa dagaa kule Kipili, alimwacha mtoto kwa mama yangu kwa maneno machache tu. "Akikua vizuri, mama, akae hapa. Akisumbuka nitamchukua. Kwetu ziwani wanawake wa kulea wapo." Baada ya hapo, mimi na mama hatukuwa na kitu kingine cha dada isipokuwa huyo mtoto, na tulijua wazi kwamba tumepewa kwa kuazimwa tu.

Mtoto akasumbuka. Mashavu yalijaa upele unaotoa maji, kila alichokunywa kilirudi, na kwenye nepi tuliona kamasi yenye damu. Mimi nikaamini ni uchafu. Lazima niseme jinsi nilivyokuwa, kwa sababu ndiyo sababu ya yote. Nilikuwa fundi redio wa kujifunza mwenyewe. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, redio za kila aina zinaingia kutoka Tunduma, nami nilizifungua na kuzifunga peke yangu hadi nikaelewa. Kiingereza nilikipata kwenye kamusi iliyokosa kurasa za mwanzo. Mtu ambaye hakufundishwa na yeyote huogopa kosa kuliko mwizi. Waya niliouchomelea leo niliubandua kesho nikauchomelea upya, mteja akiwa amekaa hapo ananuna. Ndivyo nilivyomfanyia na mtoto. Chupa zake nilizichemsha mpaka zikapinda.

Baada ya kumfukuza mama wa maziwa nilinunua maziwa ya kopo. Maduka yalikuwa yamejaa makopo, na yale yenye picha ya mtoto mnene yalipangwa mbele. Nilimwambia mama yangu kwamba sasa tumeachana na ng'ombe.

"Sasa kopo linakamuliwa wapi?" aliuliza.

Nilimwona mshamba. Lakini mtoto alizidi kuharisha, na tulipomfikisha hospitali ya misheni, daktari, sista mmoja Mzungu aliyezungumza Kiswahili cha polepole, aliuliza swali lilelile kwa namna nyingine: hayo maziwa ya kopo ni ya mnyama gani? Nilikuwa nimesoma kopo lote, kila mstari, nikitafuta tarehe na vipimo, na neno linalosema ng'ombe nilikuwa nimelipita. Kwangu maziwa ya kopo yalikuwa maziwa ya kopo, kana kwamba kopo ni mnyama mwenye chuchu. Mama aliangalia dirishani asinicheke.

"Mwili wa mtoto huyu unakataa maziwa ya ng'ombe," sista alisema. "Ya ng'ombe safi, ya ng'ombe mchafu, ya kopo, yote."

Basi yule mama wa ndoo hakuwa na kosa. Sikwenda kumwambia. Nilijiambia nitamwona akipita.

Sista alikuwa na makopo machache ya unga uliotengenezwa Ulaya kwa ajili ya watoto wa namna hii. Haukuwa na maziwa kabisa. Ulitokana na mchele. Alitupatia. Alinionyesha kijiko kilichomo ndani, jinsi ya kukisawazisha kwa kisu, na mstari wa maji kwenye chupa. "Hivi hivi," alisema. "Usiongeze, usipunguze." Ni maneno niliyoyapenda kuliko yote niliyowahi kuambiwa.

Mama alinusa unga ule. "Mchele gani huu? Wetu wa bondeni haunuki hivi." Ulikuwa mchungu pia, nilionja. Mtoto alikunja uso, akanywa, akakunja uso, akanywa. Damu ikakoma. Upele ukakauka ukabanduka kama maganda ya kitunguu. Alianza kushika kidole changu kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza nikaona paji la uso la dada yangu pale. Shemeji alipopita na lori la dagaa alimrusha juu akamdaka, akasema, "Huyu mmeniokolea." Mimi ndiye niliyekuwa nakoroga. Nilijivuna.

Kisha sista akaenda likizo kwao, na makopo yakabaki mawili.

Nilimwendea mwenye duka la dawa mjini. Siku hizo duka lake lilikuwa na kila kitu: sabuni za kuchubua ngozi, vidonge vya kuongeza nguvu, miwani ya jua. Akaniambia, "Kijana, soko huria hili. Taja jina, nitaagiza Dar." Mvua zikakata barabara. Basi la Dar lilipofika, aliniwekea mezani boksi la unga wa uji wa mtoto, na nyuma yake neno la kwanza lilikuwa maziwa.

"Siyo hili," nikasema.

"Si ulisema mchele? Huo hapo, mchele."

"Una maziwa ndani."

"Sasa ndugu yangu, chakula cha mtoto bila maziwa ukakione wapi?"

Alikuwa mkweli. Nchi ilikuwa imefunguliwa milango yote, na kwenye mlango hata mmoja hakikupita kile kitu kimoja nilichokihitaji. Vinavyopita ni vile ambavyo wengi wanavinunua. Mtoto wetu alikuwa mmoja.

Nikarudi nyumbani nikaongeza maji.

Sikuyamimina ovyo. Nilitia maji kwa uangalifu kuliko mtu yeyote Sumbawanga. Nilipunguza unga kidogo, nikasawazisha kwa kisu, na juma lililofuata nikapunguza tena, nikijiambia nanyoosha makopo mpaka sista arudi. Mama hakujua; nilikuwa nimemkataza kushika chupa, eti mikono yake haijachemshwa. Mtoto alilia baada ya kunywa, nami nikasema ni gesi. Kliniki nesi alimtundika kwenye mizani, akamtundika tena. "Mnampa nini? Anashuka." Nikajibu, "Ule unga wa sista." Haukuwa uongo, na ndiyo maana jibu lilitoka mdomoni vizuri.

Shemeji alikuja wakati wa baridi, upepo ule wa Ufipa unaoingia mpaka chini ya mlango. Alimbeba mtoto, na safari hii hakumrusha. Akachukua chupa, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kidole chake kilionekana upande wa pili.

"Shemeji, haya ni maziwa au maji ya kusuuzia chombo? Nani katia maji?"

Mama akaniangalia. Hapo nilitamani sana awepo mtu mwenye ndoo wa kumnyooshea kidole.

"Mimi," nikasema.

Hakunigombeza. Aliomba mama amfunge mtoto kwenye blanketi zito, wakapitia kliniki, na nesi akawaambia kwamba amefikia umri wa uji, wauongezee karanga na dagaa wa kusaga, maziwa wasimpe. Siku ile ile baba na mtoto wakashuka Kipili. Makopo hakuyachukua. Ndani ya moja unga ulikuwa bado upo, ule niliokuwa nikiutunza.

Mtoto alipona kulekule. Mwaka huu nilikwenda kumwona. Anakimbia mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, miguu imepinda kidogo, mashavu safi. Baba yake alimwita aje anisalimie. Akaweka mkono kichwani akasema, "Shikamoo," kama anavyomwambia mpita njia yeyote, akarudi kucheza. Neno mjomba hakuna aliyemfundisha.

Yule mama wa maziwa bado anapita Malangali. Siku hizi mimi humwamkia kabla hajatua ndoo, nanunua kikombe kimoja cha mama yangu, na sidondoshi tone ukuchani. Huitikia marahaba, hanipi neno jingine. Mama huchemsha mwenyewe. Chupa za mtoto bado ziko nyumbani; sizigusi.